Nyuma ya Kiti cha Gavana

Kila Jumanne kabla ya baraza la mawaziri, Evodie alikuwa wa kwanza kuingia katika chumba cha mkutano. Alifungua madirisha ili hewa ya ziwa iondoe harufu ya kapeti lililolowa mvua, akapanga dosié, majalada ya kazi, kwenye meza ndefu, moja kwa kila waziri, kisha akaketi kidogo mahali pa gavana kuona kama kutoka hapo kila kitu kinasomeka. Yeye ndiye aliyeongoza sekretarieti ya serikali ya jimbo pale Kalemie. Ilikuwa biro, ofisi ya watu wachache tu. Walipokea dosié za mawaziri wote, wakazifupisha, wakaandaa ajenda, na baada ya kikao waliandika yaliyoamuliwa na kufuatilia kama yametekelezwa. Magavana walikuja na kuondoka. Biro ilibaki.

Gavana wa sasa aliitwa Salomon Mwamba, mzaliwa wa mji wa Ankoro, mtu mrefu mwenye sauti nzito. Zamani alikuwa mwalimu wa hesabu, na ualimu ulikuwa haujamtoka. Ukimpelekea maelezo yenye kosa, aliyarudisha yamepigwa mstari mwekundu, na pembeni ameandika: anza upya. Mwanzoni Evodie alimwogopa. Baadaye alimpenda, kwa jinsi mtu anavyompenda mkubwa anayesoma kweli kile ulichokesha ukiandika.

Mambo yalianza kwa swali. Katikati ya kikao, gavana alimwuliza waziri wa ujenzi daraja la njia ya Niemba limefika wapi. Waziri akaeleza. Wakaendelea na jambo lingine, kisha gavana akageuka na kuuliza tena, kwa maneno yale yale: daraja la njia ya Niemba limefika wapi? Waziri akatabasamu kwa hofu, akadhani anabanwa. Akaeleza tena, safari hii kwa urefu, na kuahidi kwenda mwenyewe. Mawaziri wengine walitazamana kama kusema, mzee leo ana ukali. Evodie pekee, kwenye meza yake ndogo ya pembeni, aliinua kichwa na kumtazama gavana usoni. Hakuona ukali wowote. Aliona mtu anayesikia jibu kwa mara ya kwanza.

Baada ya kikao alimfuata Josias, mkurugenzi wa kabineti, yaani ofisi binafsi ya gavana, kijana mnene aliyefunga kravati shingoni hata siku za joto kali.

"Papa Josias, umeona?"

"Nimeona nini?"

"Usinifanye mutoto. Umeona."

Josias alifunga mlango wa biro yake. "Amechoka, mama. Safari za Kinshasa, mvua, batu wa ziwa wanakosa nyumba. Muntu anachoka."

"Anachoka hivi?"

Josias akalegeza kravati.

Wakaanza kumsaidia, maana hiyo ndiyo kazi waliyoandikiwa. Kwanza Evodie alifupisha maelezo, kutoka kurasa nyingi hadi ukurasa mmoja, kisha nusu ukurasa, kwa herufi kubwa. Halafu akaagiza vibao vyenye majina viwekwe mbele ya kila waziri, akasema ni desturi ya protokole. Mwishoni akahamisha meza yake. Akaiweka nyuma ya kiti cha gavana, karibu sana, akisema kutoka kule pembeni hasikii vizuri. Tangu hapo, gavana alipokwama, sauti ya chini ilimfikia kutoka nyuma: "Sasa ni waziri wa afya, Ekselansi. Anaomba gari la wagonjwa la hospitali ya Pepa." Naye gavana alisema kwa sauti yake nzito, "Waziri wa afya, tueleze juu ya Pepa," na kikao kikaenda mbele.

Kila kitu kilikwenda vizuri. Hilo ndilo lililomtisha Evodie. Kadiri walivyomshikilia vizuri, ndivyo watu walivyozidi kutoona kitu. Mawaziri waliondoka wakisifu jinsi vikao vilivyokuwa vifupi siku hizi.

Siku moja mke wa gavana, Mama Myriam, alikuja ofisini bila kutangazwa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, muuguzi wa zamani. Aliketi mbele ya Evodie na mkoba wake juu ya magoti.

"Nimekuja kukushukuru," alisema. "Najua munafanya nini hapa."

Evodie akaweka kalamu chini.

"Nyumbani ananiita jina la dada yake. Ule dada alikufa akiwa musichana. Asubui anatafuta viatu vyake na ameshavivaa. Tulienda Lubumbashi, tukamwona munganga. Tuliwaambia batu tunaenda ku ndoa."

"Munganga alisema nini, mama?"

"Alisema hii ugonjwa hairudi nyuma. Inaenda mbele tu." Akapangusa kitu kisichokuwepo juu ya mkoba. "Alimwambia yeye mwenyewe, mbele yangu. Salomon akalia. Wee, bwana yangu sikumwona akilia hata siku mama yake anakufa. Kesho yake akaniuliza, 'Myriam, tulikuja huku kufanya nini?' Nikamwambia. Akalia tena, sawa na jana. Hakukumbuka kama alishalia. Nikaona kila siku nitakuwa ninamuua upya. Njo nikaacha kumwambia."

Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati. Evodie aliinuka, akazunguka meza na kuketi kando yake.

"Ninyi munamushikilia huku," Mama Myriam alisema mwishowe, "mimi ninamushikilia kule. Lakini nani atasema?"

Nani angesema? Evodie aliapa kutunza siri ya baraza siku aliyopewa kazi. Sekretarieti haina mdomo wake. Inaandika ya wengine. Angemwendea nani? Wabunge wa jimbo? Jioni ile ile habari ingekuwa redioni, na watu wangemcheka mzee wa watu sokoni. Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo yeye na Josias walilijua kuliko wote. Gavana akiondoka, serikali yake yote inahesabiwa imeondoka naye. Makamu wake anabaki kulinda nyumba hadi mwingine achaguliwe, analipa mishahara na kutuma ripoti, lakini haanzishi jambo jipya. Na mezani palikuwa na dosié moja ambayo haingeweza kungoja.

Ilikuwa dosié ya watu wa ziwa. Maji yalikuwa yamepanda msimu baada ya msimu, yakameza nyumba za pwani, mwisho yakaingia hata mitaa ambayo wazee walisema haijawahi kuguswa. Familia nyingi zilikuwa zinalala katika ukumbi wa parokia ya Evodie, watoto na kuku na sufuria pamoja, na kuhara kulikuwa kumeanza. Sekretarieti ilifanya kazi ngumu kuandaa uamuzi: kuwahamishia mahali pa juu, njia ya kwenda Niemba, ambapo machifu walikubali kutoa ardhi. Wizara nne zilihusika na kila moja ilikuwa na pingamizi lake. Evodie alikwenda kutoka wizara hadi wizara akilainisha pingamizi moja baada ya jingine, hadi wote wakasema ndiyo. Kilichobaki ni baraza kuketi, na gavana kusema neno.

"Tumushikilie mpaka hiyo ipite," Josias alisema. "Hiyo moja. Kisha tutapatana na Mama Myriam, tutamwambia makamu, tutafanya kwa heshima."

Evodie akakubali. Kila asubuhi, akipita parokiani, mwanamke mmoja aitwaye Constance, aliyekuwa jirani yake tangu utotoni na ambaye nyumba yake sasa ilikuwa chini ya maji, alimwita kutoka mlangoni mwa ukumbi.

"Evodie! Wewe uko kule juu. Munatuwazia nini?"

"Inakuja, dada. Inakuja wiki hii."

Siku ya baraza, gavana alifika mapema, amenyolewa vizuri, kostimu imepigwa pasi. Macho yake yalikuwa maangavu. Aliomba maelezo, akasoma ile nusu ukurasa mbele ya Evodie, akauliza swali zuri juu ya maji ya kunywa kule njia ya Niemba. Josias alimtazama Evodie juu ya bega la gavana, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Kikao kilianza. Gavana alikaribisha mawaziri, akataja ajenda, akampa nafasi mama waziri wa mambo ya jamii aeleze hali ya waliohama. Mwanamke yule alieleza vizuri. Alipofika kwa watoto wa ukumbini, jinsi wanavyokaa sakafuni kwa safu, gavana aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa makini. Waziri akamaliza. Chumba kikangoja.

"Uamuzi, Ekselansi," Evodie alinong'ona. "Ni kukubali mahali pa njia ya Niemba."

Gavana alikuwa akitazama ukuta wa mbele.

"Njia ya Niemba, Ekselansi. Kukubali."

Gavana aliinuka. Akatembea hadi ukutani, penye ubao mweupe ambao mawaziri waliutumia kuchora ramani, akachukua kalamu. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umetulia na wenye furaha, uso wa mtu aliyefika nyumbani.

"Wale wa nyuma, munyamaze," alisema. "Mufungue makaye ya hesabu. Leo tunarudilia mambo ya sehemu, juu jana hamukuelewa."

Akaandika hesabu ubaoni. Mwandiko wake ulikuwa safi. Mawaziri walikaa kama waliopigwa na umeme. Mmoja alicheka kidogo, akidhani ni mfano wa kufundishia jambo, kisha akaacha. Josias alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Evodie alijiona ameketi nyuma ya kiti kitupu, akiwa na kila neno ambalo gavana angelihitaji, na hakuwa na mtu wa kumnong'oneza.

"Wewe," gavana alisema, akimwelekezea kalamu waziri wa fedha. "Wewe unapenda kuongea. Kuja hapa ku tabló."

Waziri wa fedha aliitwa Tony, mtu mkubwa mwenye majivuno, ambaye Evodie hakuwahi kumpenda. Alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na gavana. Alibaki ameketi kidogo, akatazama wenzake. Kisha akasukuma kiti, akaenda mbele, akaipokea kalamu kwa mikono miwili.

"Ndiyo, mwalimu," alisema.

Akafanya ile hesabu. Alikosea, na gavana akamsahihisha kwa upole, akampigapiga begani. "Si vibaya. Ukae." Tony alirudi mahali pake, machozi yakimshuka, na hakuyapangusa.

Makamu wa gavana, Papa Valère, mzee mtulivu aliyekuwa ameketi kushoto, ndiye aliyefunga kikao kwa sauti ya chini. Walitoka mmoja mmoja bila kusukuma viti. Hakuna kilichoamuliwa.

Mchana ule gavana aliamka kutoka usingizini katika kiti chake cha ofisi, akamwita Evodie. Alikuwa yeye mwenyewe. Ungemtambua kwa jinsi alivyouliza, moja kwa moja.

"Mama Evodie, kwenye konsei ya mawaziri kumetokea kitu. Josias hataki kuniambia. Wewe uniambie."

Evodie alisimama mbele ya meza yake kama alivyosimama mara nyingi, na akamwambia yote. Alimwambia juu ya vibao vya majina na meza iliyohamishwa. Alimwambia juu ya Lubumbashi. Alimwambia hata juu ya ubao. Gavana alisikiliza bila kumkatiza.

"Nilishaambiwa hii?"

"Ndiyo, Ekselansi."

"Na nilifanya nini?"

"Ulilia."

Alitikisa kichwa taratibu. Dirishani ziwa lilikuwa la kijivu, mawimbi yakipiga mahali ambapo zamani palikuwa na barabara.

"Na batu wa ziwa? Tumeamua?"

"Hapana, Ekselansi."

"Tuwaite warudi. Niamue sasa, nikiwa bado niko."

Walijaribu. Josias alipiga simu hadi sauti ikamkauka. Waziri mmoja alikuwa ameondoka kwenda Kabalo, mwingine alizima simu, wengine walisema wanakuja, na kwa sababu ya matope walichelewa. Wachache walipofika na kuketi, gavana alimwuliza Josias kwa adabu yeye ni mtoto wa nani. Wakarudishwa nyumbani.

Kabla jua halijatua, fahamu zilimrudia tena kidogo. Mama Myriam alikuwa pale, na Papa Valère pia. Gavana mwenyewe ndiye aliyesema anataka kuacha kazi. Evodie aliandika maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na gavana aliyasoma, akayapigia mstari mahali Evodie alipokosea, akamfanya aanze upya. Kisha akasaini. Alimpa Valère ile karatasi, akashika mkono wa mke wake.

"Tafazali," aliwaambia wote. "Hata nikija kuwalaumu, musinirudishie hii kazi."

Habari zilisomwa redioni kesho yake: sababu za afya. Serikali yote ikahesabiwa imeondoka. Papa Valère aliketi kwenye kile kiti kama mtu aliyekopeshwa, na jambo la kwanza alilomwuliza Evodie lilikuwa lile lile ambalo Evodie alikuwa ameshalitafuta usiku kucha katika sheria. Hapana, hakuweza kuhamisha watu wala kuchukua ardhi; hilo lilikuwa jambo jipya. Angeweza kuomba ruhusa Kinshasa. Waliomba. Jibu lilisema ombi limepokelewa.

Evodie alikwenda mwenyewe kumwambia Constance. Alimkuta anafua nyuma ya ukumbi. Constance alisikiliza hadi mwisho, mikono ndani ya maji ya sabuni.

"Kwa hiyo hakuna muntu," alisema.

"Watu wako, dada. Nguvu njo hakuna."

"Kwetu sisi ni sawasawa tu." Akaendelea kufua.

Jumanne iliyofuata, Evodie alikuwa anapanga dosié chache za kikao kifupi cha Papa Valère aliposikia kelele za chini kwenye korido. Salomon Mwamba alikuwa amesimama mbele ya mlango wa mkutano, amevaa kostimu na kandambili. Walinzi walikuwa wamemwachia apite. Hakuna hata mmoja aliyeweza kumzuia.

"Ajenda iko wapi?" aliuliza. "Mbona hamukuniletea ajenda?"

"Ekselansi..." Evodie alitazama huku na huku. Josias alikuwa ameondoka na kabineti yake. "Ekselansi, leo hakuna kikao chako. Ulisaini. Uliacha kazi."

"Mimi?" Alimtazama kwa mshangao, kisha hasira ikampanda. "Mimi niache kazi, na batu wanalala ndani ya maji? Nipe ajenda."

Ilikuwa juu ya meza, hatua chache tu. Evodie alijua angeweza kumpa, mtu akitaka karatasi umpe karatasi. Lakini mzee mwenyewe alikuwa amewaomba wasimrudishie kazi. Akasimama mlangoni kwa mwili wake wote.

"Siwezi, Ekselansi."

"Toka kwa mulango."

"Siwezi, papa. Munisamehe."

"Basi nakufukuza. Unasikia? Kuanzia leo huna kazi hapa."

"Ndiyo, Ekselansi," Evodie alisema, na hapo ndipo sauti yake ilipokatika.

Mama Myriam alifika akihema, kitambaa cha kichwa kimelegea, akamshika mumewe mkono. Salomon alimlalamikia njia nzima kwenye korido: huyu mama amekatala kunipa ajenda, huyu mama si muntu wa kazi. Ndani, Papa Valère alikuwa ameshaketi, na kengele ya kumwita sekretere ikalia. Evodie alipangusa uso kwa kiganja, akaingia.

Miezi ilipita kabla gavana mwingine hajachaguliwa. Uamuzi wa njia ya Niemba ulipita katika baraza lake la kwanza, bila pingamizi hata moja. Lakini mvua zilikuwa zimekwisha, familia nyingi zilishatawanyika kwa ndugu zao, na katika ukumbi wa parokia walikuwa wamezika watoto. Mmoja wao alikuwa mjukuu wa Constance.

Jumapili baada ya misa, Evodie humtembelea mzee Salomon. Humkuta barazani, blanketi magotini, Mama Myriam kando yake akimenya viazi. Mzee hamtambui tena. Hasira ile imekwisha pamoja na mengine yote.

"Karibu, mama," humwambia. "Unatokea wapi?"

"Kalemie hapa hapa, papa."

"Unafanya kazi?"

"Ninafanya kazi na gavana. Ninamtayarishia mikutano."

Jumapili iliyopita alifikiri sana juu ya jibu hilo, paji la uso limekunjamana. Mama Myriam aliacha kumenya. Evodie alijikuta ameinama mbele, anangoja, kama alivyokuwa akingoja nyuma ya kile kiti.

"Gavana," mzee alisema. "Huyo ni nani?"

Mama Myriam alirudia viazi vyake. Evodie akamvutia blanketi juu kidogo, maana upepo wa ziwa ulikuwa umeanza, akabaki naye hadi chai ikawa tayari.